Nairobi: Vijia vipo, ila haviungani

Kabla ya jua kuchomoza, maelfu ya wafanyakazi huondoka Kibera, Mukuru na mitaa ya Eastlands wakielekea Eneo la Viwandani kwa miguu. Baadhi yao hawana nauli ya matatu. Wengine wanayo, ila wameiweka kando iwe ya unga. Tafiti za usafiri zilizofanywa jijini Nairobi tangu miaka ya 2000 zimeonyesha mara kwa mara kwamba takriban safari 4 kati ya 10 hufanywa kwa miguu, idadi inayozidi kwa mbali safari za magari ya kibinafsi. Hata hivyo, mtu akizitazama barabara zenyewe atadhani mambo ni kinyume.

Gharama ya kasoro hiyo ni uhai wa watu. Tangu mwaka wa 2021, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifariki kila mwaka katika ajali za barabarani nchini, na kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), wanaotembea kwa miguu ndio kundi linaloongoza kwa vifo.

Chanzo kikuu ni mwendo wa magari. Gari linaloenda kilomita 60 kwa saa hubeba nguvu ya mgongano mara nne ya lile linaloenda kilomita 30. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kila mwendo wa wastani unapopanda kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Sheria ya Trafiki ya Kenya huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini, lakini Azimio la Stockholm la mwaka wa 2020 lilipendekeza kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Kibao peke yake hakimpunguzii dereva mwendo. Kinachompunguzia ni umbo la barabara: leni nyembamba, kona zisizo pana mno, matuta, na vivuko vilivyoinuliwa hadi usawa wa kijia ili gari ndilo lipande, si mtu ashuke.

Barabara ya Thika ni mfano ambao wakazi wengi wanaujua. Ilipanuliwa kuanzia mwaka wa 2009 na kuzinduliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ikiwa na leni nane katika baadhi ya sehemu. Leni za magari zilikamilika mapema kuliko baadhi ya madaraja ya wapita njia, na watu wengi waligongwa wakijaribu kuvuka pale walipozoea kuvukia.

Hata baada ya madaraja kukamilika, wapo wanaoyakwepa, na aghalabu hulaumiwa kwa ukaidi. Lawama hiyo haina uzito mkubwa. Daraja linalopita mita 6 juu ya lami, likitengenezewa mteremko unaomfaa mwenye kiti cha magurudumu, huhitaji mita zipatazo 72 za kupanda na nyingine 72 za kushuka. Mama aliyebeba mtoto na mzigo wa mboga hutakiwa kutembea mwendo huo wote ili avuke mita 30 tu. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwani daraja lisilo na taa huogopwa kuliko magari yenyewe.

Hesabu ya kuvuka chini nayo haimhurumii mtu. Anayetembea mita 1.2 kwa sekunde huhitaji takriban sekunde 17 kuvuka barabara ya mita 20. Katika muda huo, gari la kilomita 80 kwa saa huwa limekwenda karibu mita 380. Ndiyo maana wahandisi hupendekeza kisiwa cha kusimamia katikati, ili mtu avuke upande mmoja kwa wakati mmoja, pamoja na taa za trafiki zinazompa muda wa kutosha. Kwenye barabara za mitaani, jambo hili hugharimu kiasi kidogo sana likilinganishwa na daraja la chuma.

Kisha kuna suala la kuunganika. Kijia chema ni kile chenye nafasi wazi ya mita 2 hivi, kisicho na nguzo ya umeme katikati wala mtaro usiofunikwa. Katika upande wa mashariki wa jiji, ambako udongo ni mweusi na hunata wakati wa masika, kijia kisichowekwa sakafu hugeuka tope, na watu huhamia kwenye lami. Lakini hata kijia kizuri hakina faida kikikatika kwenye mzunguko. Mwenye baiskeli huhitaji chini ya nusu saa kwenda kilomita 7, mwendo unaomtoa katika mitaa mingi hadi kazini. Akikuta mita 200 za hatari katikati ya safari, ataiacha baiskeli nyumbani.

Sababu moja ya kukatika huko ni ya kiofisi. Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani. Baadaye serikali za kaunti nazo zikaingia. Mpita njia huvuka mipaka ya wote hao bila kujua.

Mwaka wa 2015, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usio wa magari, ikiahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti yake ya ujenzi wa barabara kwa ajili ya wanaotembea na wenye baiskeli. Ahadi hiyo ni kubwa, na ingetimizwa kikamilifu sura ya jiji ingekuwa nyingine. Hatua iliyoonekana kwa macho ilikuja kati ya 2020 na 2022, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS) ilipopanua vijia na kuweka njia za baiskeli katikati ya jiji, zikiwemo barabara za Kenyatta, Wabera na Muindi Mbingu. Wakati huohuo, barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilikuwa ikijengwa, na vijia vilivyokuwa chini yake vilivurugwa katika sehemu kadhaa. Ilifunguliwa Mei 2022. Wanaotembea na wenye baiskeli hawaruhusiwi kuitumia. Njia yao ingali ile ya chini, Mombasa Road.