Pensheni ya mafao yaliyoahidiwa kwa waliojiajiri (Marekani)

Mpango wa kustaafu ambao mwenye biashara hujiwekea ahadi ya pensheni ya kiwango kinachojulikana mapema, kisha michango hukokotolewa kwa kurudi nyuma kutoka kwenye ahadi hiyo. Mlango ulifunguliwa na sheria ya mwaka 1962 iliyopiganiwa na Eugene Keogh, mbunge kutoka New York. Kabla ya hapo nafuu ya kodi kwa akiba ya kustaafu ilikuwa ya waajiriwa, na aliyejiajiri alibaki nje, jambo ambalo halikuwa la haki.

Hesabu hufanywa na mtakwimu bima aliyesajiliwa. Huangalia kipato na faida inayotarajiwa kwenye uwekezaji, lakini kinachoamua zaidi ni umri. Daktari wa meno mwenye miaka 55 amebakiwa na miaka michache ya kukusanya fedha, hivyo mchango wake wa mwaka huwa mkubwa mara kadhaa kuliko wa mwenzake wa miaka 35 aliyejiwekea ahadi ileile. Mchango huo huondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi. Kwa 2025, pensheni yenyewe haikuruhusiwa kuzidi dola 280,000 kwa mwaka.

Mke au mume anayelipwa mshahara wa kweli katika biashara anaweza kuingizwa. Wafanyakazi wengine hawaachwi nje kiholela, na hapo gharama hupanda.

Tatizo kubwa ni mwaka mbaya. Mchango wa chini ni wa lazima hata biashara ikiyumba. Usipolipwa, kiasi kilichopungua hutozwa kodi ya adhabu ya asilimia 10. PBGC, shirika la serikali linalodhamini pensheni, halikingi mpango wa wamiliki peke yao.