Wimbo Wenye Anwani Ndani

Faili la muziki la kompyuta ya Amiga lilikuwa na nafasi 31 za kuandikia majina ya ala, kila nafasi herufi 22. Zilikusudiwa jambo dogo tu: mtunzi aandike "ngoma", "besi", "filimbi", asije akapotea ndani ya kazi yake mwenyewe. Lakini ukiyafungua mafaili hayo leo, mengi hayana jina la ala hata moja. Mstari wa kwanza unataja aliyetunga, wa pili kundi lake, wa tatu sanduku la posta na mji. Chini yake ni salamu kwa rafiki wa Denmark na mwingine wa Norway, na mara nyingine onyo kwa atakayezichukua sauti zile bila kuomba. Vijana wa Ulaya wa mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamepata ubao wa matangazo mahali ambapo mwenye programu aliacha nafasi ya kumbukumbu tu.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Usiku, duka likishafungwa, natunga muziki wa chipu, yaani unaotolewa na chipu ya sauti ya mashine yenyewe, kwa Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo. Vijana wanaoleta simu zao husikia vipande vikilia, nao huuliza swali moja: "Fundi, hizi ngoma zako wazitangaza vipi?" Wao wanatarajia nitaje mtandao fulani au bei ya tangazo. Mimi huwarudisha kwenye historia, kwa kuwa muziki huu haukuenezwa na kampuni wala redio. Ulienea kwa sababu aliyeupokea aliweza kuufungua, akaona kila nota ilivyowekwa, akajifunza, kisha akaupeleka mbele pamoja na jina la aliyeutunga.

Haukuanza hivyo. Mwaka 1982 kompyuta ya Commodore 64 ilitoka na chipu ya sauti iitwayo SID, kazi ya mhandisi Robert Yannes. Yeye mwenyewe alikuwa mpenzi wa muziki, na alikuwa na maoni kwamba chipu za sauti za wakati ule ziliundwa na watu wasioujua muziki. Ya kwake iliweza kutoa sauti tatu kwa pamoja, kila moja ikichagua umbo la wimbi lake: mraba, msumeno, pembetatu au mvumo wa kelele. Kulikuwa pia na kichujio cha kuing'arisha sauti au kuififisha.

Sauti tatu ni chache. Ukipiga nota tatu za kupatana kwa mara moja umezimaliza zote, huna besi wala ngoma. Watunzi wa gemu wa Uingereza kama Martin Galway na Rob Hubbard walipata njia: sauti moja tu ipewe nota zote tatu, zipokezane mara 50 kwa sekunde, kasi ileile ya picha za televisheni ya Ulaya. Sikio haliwahi kuzitenganisha, linasikia nota zimeungana na zinatetemeka. Mtetemo huo tuliujua sisi tuliokulia mbele ya mashine za gemu za miaka ya 1990, zile zilizotengenezwa Asia kwa kuiga Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983. Hatukujua jina la mtunzi hata mmoja. Tuliujua wimbo kwa jina la gemu.

Na hata aliyemjua Hubbard hakuweza kumfuata kirahisi. Alikuwa mwanamuziki wa kazi kabla hajajifundisha kuandika programu, na nyimbo zake aliziandika kwa lugha ya mashine yenyewe, namba juu ya namba. Kutunga kulidai mtu awe mhandisi kwanza. Mlango wa wengine ulianza kufunguka Ujerumani mwaka 1986, gazeti la 64'er lilipochapisha Soundmonitor, programu ya kutungia ya Chris Hülsbeck. Ilichapishwa kama orodha ndefu ya msimbo, na msomaji aliyeitaka aliketi akaiingiza kwa vidole vyake, mstari kwa mstari.

Mwaka uliofuata Mjerumani mwingine, Karsten Obarski, alitoa Ultimate Soundtracker ya Amiga. Ilikuwa bidhaa ya kuuzwa, na sokoni haikufanya vizuri. Ila wapenzi wa kompyuta waliifungua, wakaichambua, wakarekebisha kasoro zake na kuisambaza kwa majina mengine. Kutoka humo zikatoka NoiseTracker na ProTracker, programu za aina iitwayo traka, na mpangilio wake haujafa hadi leo: safu nne zinazoshuka, mistari 64 kwa ukurasa, nota huku na namba ya ala huku. Wimbo ukichezwa mistari inapanda, nawe unasoma kinachokuja kabla hujakisikia.

Hapo ndipo wimbo, karatasi ya nota na ala zenyewe vilipoingia katika faili moja. Kaseti ya dukani inakupa sauti tu. Faili la traka lilikupa sauti pamoja na siri yake. Kijana wa miaka kumi na minne aliyejiuliza ngoma ile imepatikanaje alishuka hadi mstari wenyewe akaiona. Akitaka, aliiazima ngoma hiyo akaanza wimbo wake usiku uleule. Ndiyo maana yale maonyo kwa wezi wa sauti yaliandikwa, na ndiyo maana pia hayakumzuia mtu.

Njia za kusafirishia hazikuwa safi sana. Vikundi vilivyovunja kufuli za gemu vilibandika mwanzoni mwa gemu kijisehemu cha kujisifu: jina la kundi kwa herufi kubwa, maandishi ya salamu yakipita chini, na muziki. Nafasi ya disketi ilikuwa finyu, kwa hiyo muziki huo ulipaswa kuwa mdogo mno. Watunzi kama Mwingereza Matthew Simmonds, aliyejulikana kwa jina la 4-mat, waliacha sauti ndefu zilizorekodiwa wakatumia vipande vya wimbi vya baiti chache vinavyojirudia. Amiga ikaanza kulia kama Commodore 64, kwa hiari ya watunzi safari hii.

Disketi zilikwenda kwa posta. Kila kundi lilikuwa na mtu wake wa kubadilishana, kijana mwenye rundo la bahasha na orodha ya anwani za nchi nyingi. Mbinu yao iliyojulikana zaidi ni ya stempu: unaipaka gundi juu kabla ya kutuma, mpokeaji anailoweka, gundi inaondoka na muhuri wa posta, na stempu inarudi kazini. Kulikuwa na magazeti ya kwenye disketi yenye chati za watunzi, zilizopigiwa kura na wasomaji wenyewe. Kisha ikaja mikutano mikubwa, The Party ya Denmark tangu 1991 na Assembly ya Finland tangu 1992, ambapo watu walibeba kompyuta zao hadi ukumbini na nyimbo zikashindanishwa mbele ya umati. Mtunzi aliyeshinda hakupata mkataba. Alipata kufunguliwa: wiki chache baadaye mamia ya watu wanazisoma safu zake.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma, kwa kifaa kisichotarajiwa kabisa. Game Boy ilitoka 1989 ili watoto wachezee ndani ya gari. Mwaka 1998 Oliver Wittchow wa Hamburg alitengeneza Nanoloop, na mwaka 2000 Johan Kotlinski wa Stockholm akatoa Little Sound Dj, ambayo wote tunaiita LSDj. Hizi ni programu za kutungia zinazoingizwa kama kaseti ya gemu, ukatunga kwa vitufe vilevile vya kurukia na kupigia. Hakuna aliyesubiri kibali cha Nintendo. Kotlinski aliiuza yake moja kwa moja kwa watumiaji.

Nieleze ninavyoitumia, maana huu ni ufundi wa mkono. Mashine ina njia nne: mbili za wimbi la mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe, moja ya kelele. Njia ya kwanza naipa sauti ya mbele. Njia ya wimbi la kuchora inabeba besi, na mwanzoni mwa kila pigo naishusha nota ghafla, nikapata kishindo cha ngoma kubwa ndani ya besi ileile. Kelele nikiikata fupi inakuwa kayamba. Inabaki njia ya pili ya mraba. Hiyo naipa nota zilezile za njia ya kwanza, zikichelewa hatua tatu na zikiwa chini kwa nguvu, zikawa mwangwi. Game Boy haina kifaa cha mwangwi, kwa hiyo ukiutaka unaulipia kwa robo nzima ya bendi yako. Vijana wanaotumia programu za kompyuta kubwa huongeza mwangwi kwa kubofya mara moja. Mimi inabidi niamue kama wimbo unauhitaji kweli.

Nyimbo hizo hukaa katika kumbukumbu inayolindwa na betri ya kifungo iliyochomelewa ndani ya kaseti. Betri ikifa, kila kitu kimekwenda. Kwa hiyo kabla sijaigusa kaseti ya mtu kwa chuma cha kuchomelea, kwanza nahamisha faili lake la kumbukumbu kwenye kompyuta, na huwa namkabidhi nakala.

Intaneti ilipoenea, wenye muziki huu walikuwa tayari na tabia ya kugawa. Mwaka 1999 Jeremiah Johnson, anayejiita Nullsleep, na Mike Hanlon walianzisha 8bitpeoples, lebo iliyotoa albamu bure kwa yeyote mwenye laini ya simu. Novemba 2003 Malcolm McLaren, aliyewahi kuwa meneja wa bendi ya Sex Pistols, aliandika katika jarida la Wired akiutangaza muziki huu kama panki mpya. Baadhi ya wanamuziki hawakufurahi, na mmoja wao alimjibu kwa barua ya wazi. Miaka mitatu baadaye 8bitpeoples walisaidia kuanzisha Blip Festival huko New York, na watu waliofahamiana kwa mafaili wakakutana uso kwa uso.

Uwazi una gharama yake, na hili siwafichi vijana. Mwaka 2000 Mfini Janne Suni alishinda Assembly kwa wimbo wa Amiga uitwao "Acidjazzed Evening". Glenn Rune Gallefoss wa Norway akaupanga upya kwa Commodore 64. Mwaka 2007 wasikilizaji walilalamika kwamba "Do It" ya Nelly Furtado, iliyotayarishwa na Timbaland, ilikuwa na sehemu za kazi hiyo. Kampuni ya Kernel Records, iliyoshika haki za rekodi hiyo, ilishtaki Florida ikashindwa, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikathibitisha. Uamuzi haukutegemea ulinganifu wa nota. Ulitegemea usajili: mlalamikaji hakuweza kuthibitisha kwamba kazi ilichapishwa kwanza nje ya Marekani kwa namna inayoisamehe kusajiliwa huko. Mawakili walibishana kama ilianza kutoka katika gazeti la disketi au kwenye intaneti. Ile njia ya kirafiki ya kusambaza iligeuka tatizo la ushahidi. Kwa sababu hiyo kila ninachotoa nakiandikisha kwanza kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kugawa bure si kutupa.

Leo wapo wanaokula kwa kazi hii. Chipzel wa Ireland ya Kaskazini alifika mbali kwa muziki wake wa LSDj uliowekwa katika gemu ya Super Hexagon mwaka 2012. Bendi ya Anamanaguchi ya New York, inayochanganya chipu na gitaa, ilichangiwa na mashabiki zaidi ya dola 270,000 mwaka 2013. Mimi nauza kupitia tovuti ya Bandcamp, ambayo hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Fedha inaingia PayPal, na tangu 2018 Mkenya anaweza kuihamishia M-Pesa. Haifikii kodi ya pango, lakini inanunua betri na risasi ya kuchomelea.

Kwenye huduma za kusikiliza moja kwa moja nipo pia, kwa kuwa mtu akinitafuta huko anikute. Ila huko wimbo umefungwa. Msikilizaji anapata sauti, picha ya jalada na kitufe cha moyo. Hawezi kuona mwangwi wangu umetoka wapi, na asipouona hana sababu ya kunikumbuka kuliko wimbo utakaofuata kwenye foleni.

Ndiyo maana pamoja na kila albamu ninatoa bure faili la kumbukumbu la LSDj, likiambatana na jina langu, mji na barua pepe. Mwenye LSDj, kwenye Game Boy au programu ya kuiiga, analifungua na kuniona nikiwa kazini. Kijana mmoja wa Poland alifungua wimbo wangu, akaitoa besi, akaandika yake, akanirudishia. Yake ilikuwa bora, nami nilimwambia. Baadaye yeye ndiye aliyenipeleka kwa watu waliokuwa wakiandaa albamu ya mkusanyiko, na wengi wa wanaonisikiliza leo walinijua kupitia albamu hiyo. Tangazo hilo sikulilipia hata shilingi. Nililipia kwa kumwonyesha wimbo wangu ulivyotengenezwa.