Sanamu za chuma za Karagwe

Sanamu za chuma za Karagwe ni vifaa vya kifalme vya ufalme wa Karagwe, katika Mkoa wa Kagera wa leo. Mashuhuri zaidi ni ng'ombe wa chuma: pembe zimevutwa ndefu mno na kupinda, kiwiliwili kimeachwa sahili. Mhunzi hakuiga mnyama. Alichukua pembe, fahari ya ng'ombe wa Ankole, akaacha mengine. Mtazamaji huona kwanza mchoro wa mstari hewani, kisha ng'ombe.

Mpelelezi Henry Morton Stanley alipoonyeshwa hazina ya Mukama (mfalme) Rumanyika mwaka 1876, aliorodhesha pia ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, akaviona vitu hivyo vya kishamba. Hukumu hiyo ilikosea. Havikuundwa kwa ajili ya wapita njia, bali vilihifadhiwa katika nyumba ya mfalme, ambaye mamlaka yake yalihusishwa na uhunzi.

Ufundi wa chuma katika eneo la Kagera ni wa kale. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya uyeyushaji wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walitangaza kwamba tanuri za Wahaya, wenyeji wa eneo hilo, zilitoa chuma cha pua.