Pa Kulala Chombo: Bandari za Usiku katika Pwani ya Afrika Mashariki

Historia ya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa aghalabu kama historia ya mchana. Wasomaji huelezwa pembe na dhahabu, nguo za Bara Hindi na vyombo vya kauri vya Uchina, ushuru uliotozwa na misikiti iliyojengwa. Na mambo hayo yote hutendeka juani. Walakini mtu aliyepita pwani hiyo kwa tanga alikuwa na shughuli nyingine iliyomkaa moyoni tangu adhuhuri, nayo haikuwa bei wala ushuru. Ilikuwa ni kujua chombo chake kitalala wapi.

Yafaa kwanza zitenganishwe safari mbili. Jahazi kubwa lililovuka bahari kuu kutoka Arabuni au Bara Hindi halikuwa na pa kulala. Lilikwenda usiku na mchana, nahodha akiziangalia nyota, na kina cha bahari kilikuwa ndicho salama yake. Chombo kilichokwenda kwa kuifuata pwani, kikipita baina ya mwamba na nchi kavu, au kikiingia na kutoka katika visiwa vya Lamu, Pemba, Unguja, Mafia na Kilwa, hali yake ilikuwa kinyume cha hiyo. Adui wake hakuwa mawimbi bali mwamba, na mwamba hauonekani usiku.

Hata mchana hauonekani wakati wote. Baharia huusoma kwa rangi ya maji: kilindi ni buluu iliyoiva, fungu la mchanga ni kijani kilichopauka, na mwamba uliokaribia uso wa maji ni hudhurungi. Lakini usomaji huo wataka jua liwe juu au liwe mgongoni. Jua likiwa usoni na limeinama, bahari yote hugeuka kioo, na rangi zote huwa moja. Basi pwani hii imeelekea mashariki, na milango mingi ya bandari zake hufunguka upande huo huo. Kwa hiyo aingiaye jioni huingia akilitazama jua linalokuchwa. Nahodha aliyechelewa saa mbili tu hakuwa amepoteza saa mbili. Alikuwa ameupoteza mlango. Ndiyo sababu uchaguzi wa pa kulala ulifanywa mapema, pepo ikiwa bado njema na mabaharia wakinung'unika kwamba wanasimama mchana.

Kitabu cha kale kuliko vyote vilivyobaki kuhusu pwani hii, yaani Periplus kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, chashuhudia desturi hiyo bila kukusudia. Mwandishi wake hakupima pwani ya Azania kwa maili. Aliihesabu kwa miendo na vituo vya kila siku: baada ya mahali aliposema paitwa Nikon, anasema ipo mito mingi na bandari zinazofuatana, zikitengwa na miendo saba, hata kufikia visiwa vya Pyralaoi, ambavyo wataalamu wengi huvifananisha na visiwa vya Lamu. Miendo saba, na kila mwendo una kituo chake. Wanachuoni wamebishana kwa miaka mingi juu ya mahali ilipokuwa Rhapta, soko la mwisho la Azania, na ubishi huo una haki yake. Lakini hesabu ya vituo imepitwa haraka mno, ilhali ndiyo inayoonyesha jinsi mabaharia wenyewe walivyoiona nchi. Kwao pwani ilikuwa mfululizo wa vituo.

Gharama ya kupuuza hesabu hiyo inajulikana kwa tarehe. Alfajiri ya tarehe 6 Aprili 1498, saa mbili kabla ya kupambazuka, São Rafael, mojawapo ya merikebu za Vasco da Gama, ilipanda mwamba mbele ya nchi ya Mtangata, kusini ya Tanga. Wareno walikuwa wakisafiri usiku katika maji wasiyoyajua. Waliokuwa ndani walipiga kelele, na merikebu zilizofuata nyuma zikapata nafasi ya kutia nanga. Maji yalipokupwa merikebu ikabaki nchi kavu kabisa. Yalipojaa ikaelea tena, nao wakafurahi mno. Katika saa hizo za kungoja walijiwa na wenyeji wakiwa na machungwa, ambayo mwandishi wa shajara ya safari aliyasifu kuwa bora kuliko ya Ureno. Milima waliyoiona nyuma ya pwani, ambayo ni milima ya Usambara, wakaipa jina la merikebu yao. Jina hilo halikudumu.

Kupwa na kujaa huko ndiko kulikokuwa sharti la pili la bandari ya usiku. Wakati wa bamvua maji ya Unguja na Mombasa hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita 4, kiasi cha kutosha kuugeuza uwanja wa maji kuwa uwanja wa matope katika saa sita. Nahodha aliyetia nanga penye pima mbili hakuwa amemaliza kazi. Alipaswa kujua pima hizo zitakuwa ngapi usiku wa manane. Bildi iliyopakwa shahamu ilimwambia mambo mawili kwa pamoja: kina, na aina ya chini, kwa kuwa mchanga au tope huganda katika shahamu. Tope na mchanga hushika nanga vema. Matumbawe ni hatari maradufu, kwani nanga ikikwama hailegei, na amari ya makumbi ya nazi ikisuguana nayo usiku kucha huliwa uzi kwa uzi.

Lakini wapo waliokupenda kupwelewa. Vyombo vya pwani vilijengwa kwa ajili hiyo. Na mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ulikuwa na mwili wa kunyumbuka ulioweza kukaa juu ya mchanga pasipo kupasuka. Chombo kiliingia maji yakiwa yamejaa, kikatiwa gadi ubavuni, na maji yalipotoka kikasimama wima kama nyumba. Bagamoyo haikuwa na bandari kwa maana ya leo; ilikuwa na ufuko mpana ulioinama polepole, na huo ulitosha. Wapagazi walishusha mizigo wakitembea majini. Wageni waliokuja na meli za moshi waliuona ufuko huo kuwa upungufu, nao kwa haja yao walisema kweli.

Hata hivyo maji hayamngoji mtu. Masimulizi ya Lamu juu ya vita vya Shela, vilivyopiganwa mwanzoni mwa karne ya 19, husema kwamba majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yaliposhindwa yalikimbilia ufukoni na kukuta vyombo vyao vimepwelewa. Wengi waliuawa pale, baina ya mji ambao hawakuuteka na bahari iliyowakimbia. Masimulizi ya washindi hupenda kutia chumvi. Lakini hili halina ajabu, wala halikuhitaji uchawi ambao baadhi ya wasimuliaji huutaja. Lilihitaji tu kiongozi aliyehesabu watu wake asihesabu saa za maji.

Palikuwa na sharti la tatu, ambalo halipimwi kwa bildi: chombo hulala na watu, na watu wataka maji matamu, chakula na mwenyeji. Ibn Battuta, aliyeipita pwani hii mwaka 1331, ameacha habari ambayo kila mwanafunzi huijua kwa ajili ya Kilwa, na wachache huikumbuka kwa ajili ya Mombasa. Alilala Mombasa usiku mmoja tu, kisha akaendelea na safari. Usiku mmoja! Na vitu alivyovikumbuka ni vitu vya msafiri wa usiku mmoja. Alisema kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi, na kwamba maji yaliteka kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba. Kwamba watu walinawa miguu kabla ya kuingia. Kwamba walikuwa na ndizi na ndimu, lakini nafaka waliletewa kutoka nchi nyingine za pwani. Hakusema neno juu ya ngome wala jeshi. Kisima kifupi mlangoni mwa msikiti kilikuwa, kwa mtu ashukaye chomboni, habari kubwa kuliko jumba la mfalme.

Habari yake ya Mogadishu hukamilisha picha hiyo. Chombo kilipofika, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwake na kuuza na kununua kwa mkono wake. Hivyo kuchagua bandari kulikuwa pia kuchagua mtu, au zaidi, kukubali kuchaguliwa naye. Asiyekuwa na mwenyeji alikuwa na bandari nusu.

Kwa nuru hiyo mambo ya Aprili 1498 huonekana wazi zaidi. Jioni ya tarehe 7 Wareno walifika mbele ya Mombasa. Hapo palikuwa, na pangalipo, mojawapo ya bandari bora za pwani yote: kisiwa kilichokumbatiwa na mikono miwili ya bahari, maji mengi, chini pa kushika nanga. Da Gama hakuingia. Alitia nanga nje, na usiku wa manane kikaja chombo chenye watu wapatao mia wenye silaha, nao wakazuiwa wasipande isipokuwa wachache. Mfalme alituma kondoo, machungwa na miwa. Tarehe 10 walipojaribu kuingia, merikebu ya mkubwa wao ilikataa kugeuka ikagongana na iliyokuwa nyuma, wakarudisha nanga majini. Na watu wa pwani waliokuwa ndani wakajirusha baharini. Usiku ule wawili waliobaki waliteswa kwa mafuta ya moto hata wakasema kuwa ipo hila ya kulipiza mambo yaliyotendwa Msumbiji. Maneno yaliyotolewa kwa mafuta ya moto ni ushahidi dhaifu, na mwanahistoria asiyatumie kama hati. Lakini kilichofuata hakikuhitaji ushahidi wa mtu: waogeleaji walifika gizani wakaanza kuikata amari ya Berrio. Walinzi, walipoona maji yanatikisika, walidhani kwanza ni samaki.

Amari iliyokatwa usiku ni kifo cha chombo pasipo kurusha mshale. Watu wa Mombasa walijua vema udhaifu wa mgeni aliyelala mahali pasipo pake.

Tarehe 14 jioni wakafika Malindi. Kwa macho ya baharia Malindi ni pungufu sana: ni ghuba iliyo wazi, na merikebu zililala mbali na mji. Lakini mfalme wa Malindi alikuwa na ugomvi na Mombasa, naye alihitaji rafiki mwenye mizinga. Akawapa chakula, na zaidi ya chakula akawapa rubani wa kuwafikisha Bara Hindi. Wakaondoka tarehe 24. Kwa karibu miaka mia moja Wareno waliendelea kuifanya Malindi kituo chao, wakivumilia bandari mbaya kwa sababu ya mwenyeji mwema. Na mara mbili au zaidi katika muda huo waliiteketeza Mombasa pasipo kukaa. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu penye mlango wa bandari ya Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamishiwa huko. Baada ya hapo Malindi ikafifia. Haielekei kuwa hila ya siasa peke yake iliwahamisha. Walikuwa wamepata nguvu ya kulala mahali pazuri pasipo kukaribishwa.

Bandari njema nazo huwa na usiku wao mbaya. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, ambako vyombo vilizoea kulala kwa amani upande wa magharibi wa kisiwa, wakiukinga mji mawimbi ya bahari kuu. Merikebu za Sultani Barghash zikaangamia karibu zote, pamoja na majahazi mengi na mikarafuu ya kisiwa.

Meli za moshi zilibadili kipimo cha uzuri. Dar es Salaam, aliyoianza Sultani Majid katika miaka ya 1860, ina mlango mwembamba uliopinda, wenye taabu kwa tanga linalohitaji nafasi ya kubisha. Kwa injini mlango huo ni kinga. Kwa hiyo Wajerumani waliiacha Bagamoyo mwaka 1891 wakahamia huko. Mombasa nayo ikawa na bandari mbili zenye tabia mbili: Kilindini, ambayo jina lake latangaza kina chake, ikachukua meli, Bandari ya Kale, chini ya Ngome, ikabaki na majahazi. Hapo ndipo Alan Villiers, baharia wa Australia, alipofika katika msimu wa 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, ambaye aliongoza kwa kuijua nchi kwa macho zaidi kuliko kwa ramani. Safari yao iligusa Lamu, Mombasa na Unguja, kisha delta ya Rufiji kutafuta boriti. Na ajabu ni kwamba vituo hivyo vingaliweza kuandikwa karne tano kabla yake.

Kuhusu São Rafael, mwamba wa Mtangata haukumaliza nayo siku ile ya machungwa. Januari 1499 Wareno walirudi kutoka Bara Hindi, wengi wao wamekufa kwa ugonjwa wa fizi, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakatia nanga katika maji yale yale, wakahamisha vitu na watu katika merikebu mbili, wakaichoma moto. Sanamu ya mti ya malaika Rafael iliyokuwa ndani yake ilichukuliwa Ureno, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya bahari huko Lisbon.