Picha ya Ubongo na Kauli ya Mtoto: Historia Fupi na Funzo Lake kwa Lubumbashi

Uchunguzi wa uhusiano kati ya ubongo na lugha ulianzia kwa maiti. Mwezi wa Aprili 1861, mjini Paris, Paul Broca aliuchunguza ubongo wa Leborgne, mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alitamka karibu silabi moja tu, «tan». Aliona jeraha upande wa kushoto, mbele, akapafanya mahali hapo kuwa makao ya matamshi. Ubongo huo ulihifadhiwa bila kukatwa. Picha zake zilizopigwa kwa mashine ya sumaku, na kutangazwa mwaka 2007, zilibainisha kuwa jeraha lilipenya ndani zaidi kuliko Broca alivyodhani.

Suala la watoto ni gumu zaidi. Mtu mzima hupoteza lugha aliyokwisha kuwa nayo. Mtoto aliyezaliwa na gamba la ubongo lisilojiunda sawasawa hupambana ili aipate. Mwaka 1956, Cecil Worster-Drought alieleza huko Uingereza hali ya watoto wenye udhaifu wa midomo na ulimi tangu kuzaliwa, lakini ubongo wao haukuweza kuonekana wakiwa hai. Mwaka 1971 mashine ya kuunganisha eksirei na kompyuta ilitumiwa kwa mgonjwa wa kwanza mjini London. Ile ya sumaku ikafuata. Mwaka 1993 Ruben Kuzniecky na wenzake waliwaeleza wagonjwa 31 ambao gamba la pande zote mbili, kandokando ya mfereji wa Sylvius, lilikuwa na kasoro. Usemi wao uliathirika, na wengi waliugua kifafa.

Hata hivyo, picha haisemi yote. Eric Lenneberg alikwisha kuonyesha mwaka 1967 kuwa mtoto aliyeumia mapema upande mmoja wa ubongo huweza kupata lugha kwa msaada wa upande wa pili. Kasoro ikiwa pande zote mbili, msaada huo hupungua. Lakini kiasi cha lugha anachokuwa nacho mtoto hujulikana kwa kumsikiliza tu.

Hapo ndipo historia ya Kongo inapoingia. André Ombredane, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya afasia mwaka 1951, alifanya pia utafiti katika Kongo ya Wabelgiji. Katika jaribio lake la mwaka 1954, Wakongo waliombwa wasimulie habari kwa kutazama picha. Masimulizi yao yalichukuliwa kuwa dirisha la kuchungulia «akili ya Mwafrika». Lugha zenyewe hazikuwa lengo. Mtaalamu wa afasia alifika Kongo, lakini elimu ya afasia haikufika pamoja naye.

Leo swali hilo limerudi Lubumbashi kwa njia nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha watoto wachanga 138 wa mji huo waliozaliwa na kasoro zinazoonekana na wengine 108 wenye afya. Kasoro zilihusiana na kazi ya baba katika migodi, ingawa uhusiano si uthibitisho wa chanzo. Ripoti ya mwaka 2019 ilikuwa imeeleza juu ya watoto wachache ambao ubongo wao wa mbele haukugawanyika ipasavyo. Hizo ni kasoro zinazoonekana kwa macho. Kasoro ya gamba la ubongo huweza kujificha mpaka mtoto afikie umri wa kusema, naye asiseme.

Basi nani atakayepima usemi wake, na kwa lugha gani? Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Elisabethville, alichapisha maelezo ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968; wengine wamemfuata. Mtoto wa Kenya au Katuba asemaye «batoto beko banakula» hakukosea: ndivyo wasemavyo wazazi wake. Kipimo kilichotungwa kwa Kiswahili sanifu, au kwa Kifaransa cha shule, kitamhesabia kosa katika kila neno, huku kikishindwa kumtambua mwenzake mwenye ugonjwa hasa.

Kwa hiyo, kazi ya kueleza jinsi watoto wa Lubumbashi wanavyojifunza lugha yao, umri kwa umri, ni sehemu ya tiba. Mashine huonyesha mahali gamba lilipoharibika. Mwanaisimu ndiye awezaye kumwambia daktari kama mtoto anasema lugha ya mama yake, au anaikosa.