Mgeni na Njia Zake Katika Mji wa Dar es Salaam

Mtu atokaye shamba akafika Kariakoo kwa mara ya kwanza huona magari, pikipiki, mikokoteni na watu wenye mizigo kichwani, vyote vikipita njia moja, naye hudhani ya kuwa hapo kila mtu hupita apendavyo. Sivyo. Tangu mji wa Dar es Salaam ulipoanza kukua yamekuwako maagizo yasemayo nani apite wapi na kwa chombo gani. Na mgeni, awe mtalii wa Ulaya au mkulima wa Ulanga, hukutana na maagizo hayo kabla hajapata mahali pa kulala. Nimeona vema kuwaandikia wasomaji habari za jambo hili, maana wengi wetu huenda huko kwa biashara, au kwa ugonjwa, au kuwatazama watoto wetu.

Jina lenyewe la Kariakoo ni habari ya usafiri. Zamani farasi na ng'ombe hawakuweza kuvuka bara kwa sababu ya mbung'o, basi kila kitu kilichukuliwa kwa kichwa cha mtu. Mzungu aliyekuja kutazama nchi hakuuliza nauli, aliuliza wapagazi. Hata Vita Kuu ya kwanza ilipokuja, Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, wakaweka kambi ya wapagazi wao mahali ambapo Wadachi walikuwa wamekwisha kujenga soko. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nasi kwa ndimi zetu tukaliita Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, na waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Sanamu iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi yaliyo chini yake. Lakini nadhani wao ndio waliopata ukumbusho ulio mkubwa zaidi, maana kila siku maelfu ya watu hulitaja jina lao wakienda kununua nguo na vyombo, ijapokuwa hawajui wamtajaye.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Ndipo wageni wa Ulaya walipoanza kwenda bara wameketi. Katika gari la moshi yalikuwako madaraja, na Mwafrika kwa desturi alipakiwa daraja la tatu. Ndani ya mji Mzungu alipanda riksho, kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu. Yaani mpagazi hakuondoka, bali aliwekwa mbele ya gurudumu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msingi wake hauonekani kwa macho. Wadachi walitunga sheria ya ujenzi, Waingereza wakaifuata na kuikaza, na mji ukagawanywa sehemu tatu: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini, ambako ndiko Kariakoo. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba iliyopasa kujengwa. Lakini ni Mwafrika gani wa siku zile aliyekuwa na fedha za kujenga nyumba ya namna ya Ulaya? Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu, nao ndio Mnazi Mmoja. Mgeni wa kutoka bara akaujua uwanja ule kuwa mpaka. Tena katika miaka ya 1940 ikatoka sheria iliyowapa wakuu nguvu ya kumrudisha kwao Mwafrika aliyekutwa mjini bila kazi. Mgeni wa namna hiyo hakuchagua safari ya kurudi, alichaguliwa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 mipaka ile ya rangi ilikoma, lakini maagizo ya safari hayakukoma, maana shida zilikuwa nyingine. Mabasi ya mji yaliwekwa chini ya shirika la umma la UDA mwaka 1974, nayo hayakuwatosha watu. Mafuta yakawa ghali duniani, na serikali ikakataza magari ya binafsi kuendeshwa siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana. Wazee wa makanisa ya mjini hukumbuka jinsi ibada ilivyopaswa kuisha mapema, ili wenye magari wafike kwao kabla ya saa ile. Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wetu zikazuiliwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983.

Mwaka huo huo wa 1983 una mambo mawili ambayo napenda wasomaji wayaweke pamoja. Serikali iliwapa watu binafsi ruhusa ya kupakia abiria mjini, na hapo ndipo magari ya daladala yalipoanza kupita kwa halali. Jina lao latokana na nauli ya shilingi tano, ambayo watu waliiita dala. Na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliokutwa mjini bila kazi wakakamatwa na kupelekwa mashamba. Basi mgeni alipewa gari la kumwingiza mjini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaandaliwa gari la kumtoa.

Mabasi yaendayo kasi yalianza mwaka 2016 kwa njia yao wenyewe, kutoka Kimara hata Kivukoni, na tawi moja hufika Gerezani, karibu na soko la Kariakoo. Ni jambo jema. Lakini daladala za barabara ile ya Morogoro ziliondolewa. Mabasi ya bara nayo, ambayo hapo kale yalifika katikati ya mji, yalihamishiwa Ubungo, na tangu mwaka 2021 kituo chao ni Mbezi, zaidi ya kilometa 20 kutoka bandarini. Na bodaboda na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya mji kwa amri iliyotolewa mwaka 2014, ikalegea, ikatolewa tena. Sababu zitajwazo ni msongamano na ajali, nazo si za uongo. Mtu aliyesimama Kariakoo saa kumi na moja jioni hawezi kuzikana.

Hata hivyo nitasimulia lililonipata. Nalimpeleka shangazi yangu, mzee mwenye mguu uliovimba, kutoka Kariakoo kwenda kuonana na mganga upande wa pwani. Tulipanda bajaji, kwa sababu nauli yake naliiweza. Tulipokaribia Mnazi Mmoja dereva akazima chombo, akasema, “Mwalimu, mwisho wangu hapa. Nikivuka, wananikamata.” Shangazi akauliza, “Baba, kwani ng'ambo ile ni nchi ya nani?” Sikuwa na jibu. Wakati tulipokuwa tukisimama juani, gari kubwa la watalii likapita mbele yetu, likaelekea kanisa la Azania Front, nao wakipiga picha. Sikuwaonea wivu, wageni wale wameleta fedha katika nchi, nao hawakutunga amri. Ila naliutazama ule uwanja, nikakumbuka ni nani waliouacha wazi, na kwa nini.

Teksi ilitaka fedha ambazo zingemaliza dawa. Tukavuka kwa miguu, yeye akiniegemea, tukipumzika penye kivuli mara tatu, na tulipofika zamu yake ilikuwa imepita. Alionwa kesho yake.

Aliporudi kwao Morogoro nalimpandisha katika treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024. Madaraja yako bado katika treni ile, ila siku hizi kiti hugawanywa kwa bei. Alifika chini ya saa mbili, akanipigia simu kusema ya kuwa mguu haukumwuma njiani, na ya kuwa aliyeketi karibu naye alikuwa kijana Mzungu aliyelala tangu Pugu mpaka walipofika.