Ikiwa Hiki, Basi Kile: Historia Fupi ya Kuiagiza Kompyuta Bila Kuandika Programu

Wengi wetu hudhani kwamba kuiagiza kompyuta ifanye kazi yenyewe ni jambo la wahandisi peke yao. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia inasema vingine, na kwamba sisi walimu wa lugha tumo ndani yake kuliko tunavyofikiri.

Mwanzo wake si intaneti. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya majedwali iliyotumika kwanza kwenye kompyuta ya Apple II. Mhasibu aliandika kanuni katika kisanduku kimoja, na kila alipobadilisha tarakimu hesabu zote zilijirekebisha. Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 ilikuja na makro, yaani mfululizo wa hatua unaohifadhiwa na kurudiwa kwa amri moja.

Intaneti ilipoenea, kazi zetu zilitawanyika: barua pepe huku, picha kule, habari mahali pengine. Mwezi wa Februari 2007 kampuni ya Yahoo ilianzisha Pipes. Mtumiaji aliburuta visanduku kwenye ukurasa, akaviunganisha kwa mistari mithili ya mabomba ya maji, na habari za tovuti kadhaa zikamfikia pamoja zikiwa zimechujwa. Mwaka 2011 zikafuata huduma mbili za Marekani, IFTTT na Zapier. Jina IFTTT ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "ikiwa hiki, basi kile".

Hapo ndipo mwalimu wa sarufi anapopaswa kutega sikio. Tuchukue kanuni hii: "Barua yenye kiambatisho ikifika, hifadhi kiambatisho hicho." Kishazi cha kwanza ni tegemezi, chenye -ki- ya masharti, hicho ndicho kichocheo. Cha pili ni kishazi huru. Hicho ndicho tendo. Lakini -ki- hiyo hiyo katika "nilimkuta akisoma" haina sharti lolote. Binadamu hutambua tofauti kwa muktadha. Mashine haina subira hiyo. Sharti iambiwe kama ni kila barua au ni ya wanafunzi tu, mara moja au kila mara.

Tulijifunza hayo kwa gharama. Idarani kwetu tuliwahi kuweka kanuni ya kupeleka alama za majaribio kwa barua pepe kutoka kwenye jedwali. Siku moja safu mpya iliongezwa katika jedwali, nayo kanuni haikurekebishwa. Wanafunzi wakapokea alama zisizo zao, na tukalazimika kuwaomba radhi darasani. Zamani karani akikosea bahasha, aliumia mtu mmoja au wawili. Kanuni ikikosea, huumia darasa zima kwa dakika chache.

Kuna funzo la pili. Yahoo ilifunga Pipes tarehe 30 Septemba 2015, na mabomba yote waliyoyaunda watu yakakauka siku moja. Mwaka 2020 IFTTT nayo ilianzisha huduma ya kulipia, ikawawekea watumiaji wa bure kikomo cha kanuni 3 za kujiundia. Wahenga hawakukosea waliposema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Je, tuziache zana hizi? La hasha. Mwalimu mwenye madarasa makubwa anahitaji kila saa anayoweza kuiokoa, aitumie kusoma insha za wanafunzi wake. Tunachoshauri ni hiki: kabla ya kugusa kibonyezo chochote, iandike kanuni yako daftarini kwa Kiswahili sanifu, sharti na tendo, kisha mpe mwenzako aisome. Ijaribu kwa jina lako mwenyewe kabla ya kuwahusisha wanafunzi. Huduma ikifungwa kesho, daftari litabaki, na kanuni itajengwa upya kwingine.